Kabanga Haendi Peke Yake

16 Oktoba

Mvua ya kwanza imetukuta darasani. Iligonga mabati mpaka mwalimu akaacha kufundisha, na yadi ya shule ikageuka tope jekundu. Nimerudi nyumbani viatu mkononi, sketi ya bluu imeharibika. Naanza kuandika humu kwa sababu kila nikisema neno nyumbani naambiwa, "Kabanga iko na mudomo, ona Mbuyi vile anatulia." Basi mdomo wangu nitauweka hapa, ambako hakuna wa kunilinganisha naye.

Jina langu la ubatizo ni Carmen. Nyumbani ni Kabanga, kwa sababu nilizaliwa wa pili. Aliyenitangulia ni Constantin, ndiye Mbuyi. Kwetu Waluba wa Kasai mapacha hawatafutiwi majina, majina yanawasubiri. Wazazi nao hupoteza yao: Mama ni Mwambuyi, Papa ni Shambuyi, na mtaa mzima wa Panda unawaita hivyo. Sheria ya mapacha ni moja tu. Ukimpa mmoja, mpe na mwenziwe, kitu kilekile, siku ileile. La sivyo mmoja wao ataumia moyo na kurudi alikotoka. Kurudi alikotoka maana yake kufa.

Jana padri alinipa kitabu cha zaburi kwa sababu niliwafundisha watoto wa komunyo. Mama alikichukua mikononi mwangu akamrudishia mbele ya watu.

"Mon père, mapasa ni babili. Kitabu ni moya."

Padri hakuwa na kingine. Nina miaka kumi na minane na bado nanyang'anywa zawadi kwa sababu haikatiki katikati.

21 Oktoba

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimepiga pasi ya makaa, shati langu na shati la Constantin. Yeye alikuwa anapiga gitaa. Kwenye pasi sheria ya mapacha haifiki.

14 Novemba

Leo prefe wa masomo, mkuu wa shule yetu, ameingia darasani kwetu, mwaka wa sita umeme. Kila mmoja wetu lazima afanye staji, majuma ya kujifunza kazi mahali pa kazi, kabla ya mtihani wa Serikali. Wengi huishia kwenye vibanda vya kutengeneza redio na chaja za simu. Lakini mwaka huu kuna nafasi Koni, kituo cha umeme kule mto Lufira. Kundi la kwanza litaondoka Februari, mwanafunzi mmoja tu, atakayeshinda mtihani wa vitendo. Kundi la pili baada ya Pasaka, hilo, amesema prefe akitazama dirishani, "tutaangalia."

Koni nilifika mara moja, mwaka wa nne, tulipopelekwa kutembea. Wavulana walipiga picha. Mimi nilisimama mahali sakafu ilipokuwa inatetemeka chini ya viatu, nikamwuliza mhandisi mtetemeko ule unatoka wapi. Akanieleza taratibu, maji yanavyoingia, yanavyozungusha, yanavyotoka. Tangu siku hiyo najua ninachotaka. Nataka kusomea uhandisi Lubumbashi, kisha nirudi mahali pale nikiwa na ufunguo wangu. Aliyepita Koni wakamwona anafanya kazi, jina lake hukumbukwa. Aliyepita kwenye kibanda cha chaja hakumbukwi na mtu.

Nafasi ile naitaka.

27 Novemba

Nimemfundisha Constantin namna ya kuunganisha mota ya awamu tatu. Mara tano. Amesinzia akiwa na bisibisi mkononi.

24 Desemba

Mama ametushonea nguo za Noeli za kitambaa kimoja, mimi gauni, yeye shati. Ndege wa kijani juu ya manjano. Mjini watu wametuita "mapasa ya Mwambuyi!" wakatupa karanga, konzi mbili sawasawa. Constantin amecheka na kushukuru. Mimi nimekula zangu kwa hasira. Sijawahi kuitwa na mtu barabarani kama mtu mmoja.

15 Januari

Mtihani wa vitendo. Mvua ilikuwa inanyesha kwa pembeni na karakana inavuja, kwa hiyo walitandika mbao ili tusisimame majini. Kila mtu alipewa ubao, mota, waya, na kazi ya kuiwasha kwa hatua mbili, nyota kisha pembetatu.

Sikusikia mvua. Mikono yangu ilijua njia. Nilipobonyeza kitufe, mota ilinguruma, ikabadilisha sauti mahali ilipotakiwa kubadilisha, ikaendelea. Prefe aliizima, akaiwasha mwenyewe, akaizima tena. Akasema, "Ah, bon." Kwake yeye hayo ni mengi.

Ubao wa Constantin ulilipuka fyuzi, moshi ukajaa karakana. Alicheka. Watu wote walicheka naye, maana Constantin akicheka huwezi kumwacha acheke peke yake. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa wa kwanza. Doudou, mtoto wa karani wa ofisi ya komini, wa pili. Kaka yangu alikuwa wa mwisho kabisa.

17 Januari

Nimewaambia wakati wa kula. Niliwapangia maneno mazuri, nikaanza na Mungu, nikaja kwa walimu, nikaishia Koni. Mama aliacha tonge la bukari, ugali wetu, kwenye sahani.

"Na Mbuyi?"

"Mbuyi hakushinda, Mama. Ni muntu moya tu."

"Kabanga haende peke yake."

Hivyo tu, kama anayesema chumvi imekwisha. Nikauliza kwa nini, ingawa najua. Akanisimulia tena habari ya sandale. Tulikuwa wadogo, Tantine Adrienne, dada yake Mama, akaniletea mimi sandale nyekundu, Constantin hakumletea. Constantin akaugua, akalazwa, hakula wala kunywa.

"Tulitupa ile sandale mu muto Buluo, njo akapona."

"Ilikuwa palu, Mama. Malaria. Bote banaugua palu."

"Na palu ilitoka wapi?"

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nikamgeukia Papa. Papa ni fundi wa kulehemu, anaweza kuunganisha chuma chochote, ila neno lake kwa lolote la nyumbani ni moja.

"Tutaona," akasema.

Constantin alikula mpaka akamaliza na mboga yangu.

22 Januari

Mama ameenda shuleni bila kuniambia. Amerudi na kitenge cha kanisani, uso unang'aa, akaninunulia maandazi. Mawili, na mawili ya Constantin.

"Niliongea na préfet muzuri sana. Nikamwambia, Monsieur le préfet, hawa ni mapasa. Ao babili, ao hakuna muntu. Anasema anasikia. Sasa ataenda kutafuta place ingine kule Koni."

Nikauliza, "Alisema atatafuta?"

"Sasa atafanya nini? Atapatia moya, atamunyima ingine? Nani anafanyaka vile?"

Hapo nikaelewa anachofikiri mama yangu. Maisha yake yote tangu tuzaliwe, hakuna aliyemkatalia. Sokoni anapouza ndakala zake, wale dagaa wakavu, akinunua nyanya ya mtoto mmoja, muuzaji mwenyewe anaongeza ya pili bila kuombwa. Kondakta wa basi ana nafasi moja, anamshusha mtu ili sisi wawili tukae. Watu wanaogopa mapacha, wanaongeza. Basi Mama ameamini dunia nzima huongeza. Amewaza Koni nako wakiambiwa ni mapacha watafungua nafasi ya pili.

Sikula maandazi.

24 Januari

Jina lililobandikwa ni la Doudou.

Nilimfuata prefe ofisini. Hakunikaribisha kiti.

"Mama yako alisema babili ao hakuna. Koni iko na place moya. Basi ni hakuna."

"Monsieur le préfet, minye nilikuwa wa kwanza."

"Nayua. Lakini maneno ya mapasa minye siyataki mu bureau yangu. Leo nakutuma kule, kesho ndugu yako anaanguka ku ngazi, bantu banasema ni préfet alimuuwa. Non. Enda ku classe."

Yeye si Mluba hata kidogo, na bado anaogopa. Nilirudi nyumbani kwa mguu chini ya mvua, sikutafuta hata pa kujikinga. Nilimkuta Mama anachambua ndakala barazani na nikamwambia jina la Doudou.

Nitaandika alichokifanya kwa sababu sitaki kukisahau. Aliweka chini ndakala alizoshika. Akasema, "Alimupatia mwingine? Juu ya nini? Haogope?"

Alishangaa! Alishangaa kweli, kama mtu aliyekaa kwenye kiti kilichoondolewa. Hapo nikapasuka. Nilimwambia ameniua mimi ili Mbuyi asife. Nilimwambia kama ni kufa heri ningekufa siku ya sandale nikamwachia Mbuyi nafasi yote. Nilimwambia hajui kusoma mita ya umeme lakini anajua kuniharibia maisha. Majirani walitoka. Tantine Adrienne alikuja kunishika mkono, akisema maneno kama hayo hayasemwi, yanasikika kule mapacha walikotoka. Yasikike basi. Nimenyamaza miaka yote na nimepata nini?

Constantin alikuwa mlangoni na gitaa. Huyo naye namchukia leo. Angesema tu, "Mama, mwache aende," ingetosha. Alisimama pale kama pazia.

2 Februari

Siongei na Mama. Chumvi namwomba Papa.

5 Februari

Doudou ameondoka kwenda Koni. Alipita kuniaga, amevaa kofia ya plastiki ya njano, akaniambia anasikitika. Nilimwambia asiiweke kofia kinyumenyume, maana alikuwa ameivaa hivyo. Ndiye aliyechaguliwa.

11 Februari

Mvua. Bati la chumba chetu linavuja upande wangu tu.

18 Februari

Jumapili. Constantin alinifuata kisimani baada ya misa. Nilikuwa nimemwambia asinisogelee, lakini alichukua ndoo moja, akaanza kuvuta kamba. Alipoijaza, akasema:

"Kabanga. Unazania minye nilipenda électricité?"

"Ulipenda nini basi? Kulala?"

"Nilipenda mécanique. Ma camions. Siku ulichagua électricité, Mama akaniandikisha nayo siku ile ile. Hakuniuliza. Myaka ine yote niko nafwata weye tu. Kila fyuzi inalipuka, natamani ilipuke na masomo yote."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Weye unasema. Minye ninacheka. Mama hasikie wote babili."

Nilidhani mimi ndiye mwenye jiwe mguuni na jiwe ni yeye. Kumbe naye amefungwa, na kamba yake ni mimi. Lakini kusema kweli sikulainika. Nilikasirika zaidi, na sasa ni kwa ajili ya wawili. Nilimwambia, "Ungesema siku ile ya Doudou." Akasema, "Niliogopa." Nikasema, "Nani haogopi?" Tukabeba ndoo, kila mtu yake.

2 Machi

Tonton Alphonse, mdogo wa Papa, amekuja kutoka Kolwezi. Ana karakana ya malori. Amemwambia Papa kwamba Constantin aende kwake kufanya staji ya kundi la pili, ashughulikie umeme wa magari, na akifanya vizuri atabaki naye baada ya shule. Constantin aling'ata mdomo ili asipige kelele za furaha.

Nilimtazama Mama. Nilingoja aseme, Mbuyi haende peke yake. Nilingoja kwa hamu, Mungu anisamehe.

Mama alifikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Ni muzuri. Ataenda."

"Na Kabanga?" Tonton akauliza.

"Kabanga tutamupatia kikwembe. Kikwembe ya muzuri, ya wax. Atasema moyo yake inapoa, nitabapaka pemba bote babili, njo imeisha."

Kumbe mlango upo! Umekuwapo siku zote! Anayebaki hupewa kitu cha kupoza moyo, anapakwa pemba, udongo mweupe, kwenye paji, anakubali kwa mdomo wake, na mwenziwe anaondoka salama. Kwa nini Januari hakuna aliyeutaja? Kwa nini hakuna aliyemnunulia Constantin shati la kupoza moyo ili mimi niende Koni? Nilimwuliza Tantine Adrienne jikoni. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Ile ni ya mwanaume kwenda ku kazi. Weye ni binti. Utaenda wapi?"

3 Machi

Leo ilikuwa siku ya kukubali. Baada ya misa walikaa wote sebuleni: Papa, Mama, Tantine Adrienne, Tonton Alphonse. Kikwembe, yaani kitenge, kilikuwa mezani, kizuri kweli, kile kinacholia ukikikunja. Pemba ilikuwa imelowekwa kwenye kisahani. Constantin na mimi tulikaa kwenye mkeka, goti kwa goti, tukiwa na nguo za ndege wa kijani. Mama aliweka kitenge mapajani mwangu.

"Kabanga, sema moyo yako imepoa."

Nikakiondoa mapajani, nikakirudisha mezani.

"Mbuyi unamupa nini, Mama?"

"Unaona mwenyewe. Ataenda Kolwezi."

"Unamupa njia. Na minye unanipa kitambaa. Kitu kilekile, siku ileile, si njo vile ulitufundisha? Kitambaa si njia. Kama Mbuyi anapata njia, minye pia unipe njia. Kama haiko, moyo yangu haijapoa, na sitasema imepoa."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika zote. Tantine alisema nimerogwa na vitabu. Tonton Alphonse alisimama, akafuta jasho, akasema pacha mmoja akikataa yeye hambebi mwingine kwenye gari lake, ana watoto nyumbani. Na hapo nikaona nimeshika nini mkononi. Nikinyamaza hivi hivi, Constantin haendi popote. Ninaweza kumfungia kama nilivyofungiwa, na hakuna wa kunilazimisha. Kwa muda ule mfupi nilifurahi vibaya sana. Nilimtazama usoni nione kama anaumia.

Hakuwa anacheka. Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kabanga iko na haki. Kama yeye haende, minye siende. Na si juu ya pemba. Ni juu nakataa."

Mama alimgeukia Papa. "Shambuyi, sema."

Papa alitazama kitenge, akatazama mvua dirishani. "Siku zote nasema tutaona," akasema. "Basi tumeona."

Nilidhani Mama atalia, nikajikaza nisimhurumie. Hakulia. Alichukua kisahani cha pemba, akakifunika kwa sahani nyingine, akakiweka juu ya kabati.

"Place yake ku Koni iko wapi?"

"Uliipoteza mwenyewe, Mama."

"Basi nitaitafuta."

4 Machi

Naandika huku masikio yangu bado yanawaka.

Lazima nieleze kitu ambacho watu wasio Waluba wengi hawakijui. Mama wa mapacha ana ruhusa. Siku za mapacha anaweza kuimba matusi ambayo mwanamke mwingine akiyaimba angepigwa. Anaweza kutaja viungo vya mkubwa yeyote kwa jina, na mkubwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, mkosi ni wake. Anachoweza kufanya ni kutoa kitu ili aachiwe. Nilikuwa nimesikia nyimbo hizo kwenye matanga ya mapacha na kwenye sherehe, Mama akiwa kijana. Tangu alipojiunga na kwaya ya kanisa sikumsikia tena.

Leo, saa ya mapumziko, nilisikia ngoma nje ya uzio. Mama aliingia getini na wanawake wa soko la ndakala, nyuso zimepakwa pemba, vitenge vimefungwa kiunoni kwa vita. Tantine Adrienne alikuwa katikati, anapiga sufuria kwa mwiko! Mlinzi alikimbia. Wakasimama chini ya dirisha la prefe, kwenye matope, mvua nyepesi inanyesha, na Mama akaanzisha.

"Suruali ya préfet ni mukubwaaa!"

Wanawake wakajibu, "Mwenye suruali eko wapi?"

"Tuliangalia mu mufuko ya kulia!"

"Hatukumuona!"

"Tuliangalia mu mufuko ya kushoto!"

"Hatukumuona!"

Mahali walipoangalia baada ya hapo sitaandika. Shule nzima ilitoka. Wavulana wa mwaka wa tano walipanda juu ya madawati, wengine walijibu kiitikio. Walimu walijifanya wanakohoa. Nilitaka ardhi inimeze na wakati huohuo nilitaka waongeze sauti. Mama yangu, ambaye tangu Januari nilimwona kuwa ukuta, alikuwa anacheza kwenye tope, mkono kiunoni, anamtukana mtu mwenye tai kwa ajili yangu.

Prefe alichungulia, akafunga pazia. Wakaongeza ubeti juu ya pazia. Hatimaye alitoka, mikono juu, jasho linamtoka.

"Mwambuyi, inatosha! Inatosha! Mwambuyi, ulikuya mwenyewe kusema babili ao hakuna!"

"Nilisema," Mama akajibu, anahema. "Ni minye niliharibu, na leo niko hapa kutengeneza. Kabanga ataenda peke yake. Nani iko mu kundi ya pili?"

Prefe akaangalia viatu vyake. Nafasi ya pili, ilibidi aseme mbele ya watu wote, alikuwa amemwekea mpwa wa mtu fulani wa kamati, kijana ambaye hata mtihani wa vitendo hakuufanya. Yadi nzima iliguna. Mama akavuta pumzi aanze ubeti mwingine.

"Carmen Kabanga," prefe akasema haraka. "Kundi ya pili, Koni. C'est fini. Mwende ku nyumba, tafadhali."

Nimepata. Nina hasira nayo pia. Kitu nilichokishinda kwa mikono yangu nimekipata kwa sababu mtu aliogopa suruali yake.

5 Machi

Shule nzima inaniita "Suruali." Nimempiga mmoja kwa daftari la hesabu.

31 Machi

Pasaka. Mvua zinapungua. Mama ametupaka pemba sote wawili, njia kwa njia, bila kitenge. Alinipaka mpaka jichoni.

3 Aprili

Constantin ameondoka na Tonton Alphonse. Hatujawahi kulala nyumba tofauti. Alinipa gitaa nilitunze, nikamwambia sitalitunza, nitalipigia misumari. Alicheka. Gari lilipokata kona nililia, nikamkasirikia kwa kuniliza.

Mama sasa anampigia simu kila asubuhi kumwuliza kama yuko hai. Kisha anakuja kugonga mlango wangu kwa sababu ileile.

8 Aprili

Naandika nikiwa Koni, kitandani, kwenye nyumba ya wageni ya wanafunzi.

Asubuhi nilikuwa nimevaa, begi liko tayari, gari la kutuchukua linangoja kwenye geti la shule. Simu ya Mama ikalia. Tonton Alphonse. Constantin ana homa tangu jana, ametapika, wamempeleka hospitali. Beseni la ndakala lilianguka, samaki wakatapakaa sakafuni.

Tantine Adrienne alifika kabla hatujawaokota. Alitazama tu begi langu, na ule utazamaji ulikuwa hukumu. Niliomba simu.

"Ni palu," Constantin akasema, sauti imekwenda mbali. "Banaisha kunitia sérum ku mushipa. Enda, Kabanga. Kama hauende, njo nitaumia moyo kweli."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mitupu magotini. Mimi nilisimama na kamba ya begi begani. Maneno nilikuwa nayo yote, niliyapanga tangu Januari: sandale, Doudou, kitenge, pasi ya makaa. Nilingoja tu afungue mdomo aseme nibaki, niyatoe yote mara moja, na safari hii nisibakize.

Akainuka. Akachukua begi begani mwangu, akaliweka kichwani pake, akatoka nje mbele yangu. Getini alimpa dereva begi, akanirekebishia kola kama mtoto wa shule ya awali, akasema:

"Kama moya wenu anakufa, bataulizia nani alifungua njia. Nitasema ni minye. Weye utanyamaza. Umesikia? Weye hutasema kitu."

Kisha akageuka kwenda kutafuta gari la Kolwezi, kwa Mbuyi, na matope ya asubuhi bado miguuni.

Nimempigia tangu nifike. Simu yake haishiki, wala ya Tonton. Hasira bado ninayo, imejaa kifua, lakini leo sioni tena wa kumpelekea. Namwogopea kaka yangu kwa hofu ileile ya Mama, niliyoidharau msimu mzima. Wenzangu wa shule nyingine wanacheka nje. Sakafu inatetemeka chini ya kitanda.

Kesho asubuhi naingia kwenye chumba cha mashine hata hivyo.